Aliyekalia Sanduku la Nassor

Mwanamme aliyekalia sanduku la kaka yangu nimemwona tena juzi, ndani ya simu ya mjukuu wangu, na hajazeeka hata kidogo. Nywele zile zile mpaka mabegani, miwani ile ile nyeusi, mguu mmoja kaunyoosha njiani kama kwamba barabara kaijenga yeye. Mie ndo nimezeeka. Yeye kakaa pale pale.

Nlikuwa jikoni, nasaga hiliki ya kutia kwenye vitumbua, na Rahma yuko mezani na simu yake. Rahma ni mtoto wa mwanangu wa pili, kazi yake kuwatembeza watalii wanaoshuka kwenye zile meli za ghorofa pale bandarini Mutrah, meli utadhani mtaa mzima umeng'olewa ukaja kuegeshwa. Wengi wao Wataliani. Basi kaanza kusoma Kitaliani, na mwalimu wake kawambia wanafunzi wasikilize nyimbo za zamani za huko, ulimi upate kulainika. Tangu siku hiyo nyumba yangu imejaa Wataliani. Mmoja analia, mwengine anabembeleza, mie natwanga hiliki yangu. Nshazoea.

Lakini siku ile likapigwa gita moja la ukali, kama mtu anayeburura bati juu ya saruji, na mchi ukanisimama mkononi. Ngoma zilikuwa bado hazijaingia, na mie nlijua zitaingia wapi. Nlijua kwamba huyo mtu kabla ya kuimba atakohoa. Akakohoa.

"Rahma, nani huyo?"

"Mwimbaji wa zamani, Bibi. Wa roki. Nyimbo katunga zote mwenyewe. Makelele, eh? Nipunguze?"

"Usipunguze. Ana picha?"

Akanigeuzia simu. Nkaifuta mikono, nkavaa miwani, nkamtazama. Wallahi nywele za mikononi zilinisimama mie, mwanamke niliyekwisha kuwaosha maiti wangapi bila kutetemeka.

"Kakalia sanduku," nkasema.

"Sanduku la gita hilo, Bibi. Tazama, si unaona lina kiuno?"

Sanduku la gita. Nkavuta kiti nkakaa.

Sasa nieleze, maana nikianzia hapa hakuna atakayeelewa. Mimi skuli sikuifaidi. Unguja nlianza, tukaondoka. Tulipofika huku Maskati nkatiwa darasani na watoto wa Kiarabu wanaosoma Kiarabu, na mie Kiarabu changu ni cha kusalia tu. Mwalimu akiuliza, nacheka. Akiuliza tena, nalia. Mama akaona basi, akae nyumbani angalau ajue kupika. Kwa hiyo haya nnayoandika mtayasoma kama yalivyo, yakipinda pindeni nayo.

Tulikaa Wadi Kabir, chumba na sebule, nyuma ya gereji. Asubuhi mpaka magharibi nyundo juu ya milango ya magari, tang, tang, tang, na harufu ya rangi inayopuliziwa. Mpaka leo nikipita penye gereji yenye harufu ile, nakohoa, na watu wanadhani ni pumu. Tulikuwa wanne. Mama, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa na maradhi ya kuvimba. Nassor, kaka yetu mkubwa. Asya, dada yangu. Na mimi, kitinda mimba. Baba alibaki Unguja, kaburini. Na alikuwepo Ami Seif, ndugu wa baba, aliyekaa Ruwi na akija kila Ijumaa kutuangalia, na kula.

Nassor alipata kazi bandarini, na kutoka bandarini akapata kazi ndani ya meli ya Wataliani. Siku ya kuondoka alibeba sanduku jeusi lenye vifungo vya chuma, kaazimwa na Ami Seif. Nakumbuka sanduku kuliko ninavyomkumbuka yeye. Nakumbuka alivyoliweka chini mlangoni na kulikalia ili avae viatu, na mimi nimesimama mbele yake, na uso wake ukawa sawa na wangu. Alinambia kitu. Sikikumbuki. Nlikuwa natazama vifungo.

Nyie wa rika langu hamna haja ya kuelezwa kaseti za salamu, lakini pengine hii itasomwa na watoto. Zamani simu za mbali zilikuwa za matajiri, na sisi wengine kuandika kulitushinda. Basi mtu akirekodi sauti yake kwenye kaseti, akampa msafiri, na msafiri akaileta. Na ilikuwa na adabu zake. Unasalimia kwa umri, mkubwa kwanza, kila mtu na jina lake, humruki mtu. Na ukishamuuliza mtu hali, unanyamaza. Ndiyo, unanyamaza, unampa nafasi ajibu. Unajua fika kwamba yuko mbali, lakini kumuuliza mzee "hujambo" na kuendelea bila ya kungoja jibu ni utovu wa adabu, hata kama uko chumbani peke yako na mashine. Kwa hiyo kaseti zetu zilikuwa nusu maneno, nusu kimya. Na huku tulikokuwa sisi, watu walizunguka redio wakajibu.

Siku moja akaja Mbaluchi mmoja wa bandarini, kashika kaseti. "Ya Nassor," akasema, akanywa maji, akaenda zake. Na juu ya kile kigamba cha kaseti ndo ile picha: Mtaliani mwenye nywele za kike, miwani nyeusi, kakaa. Picha yenyewe ndogo kama kibiriti, na chini imekatwa, kwa hiyo unaona tu kwamba kakalia kitu cheusi chenye vifungo vya chuma.

Mama akaitia kaseti kwenye redio. Tumejipanga, tumevaa kama tunakwenda kumwona mtu. Likatoka lile gita la kuburura bati. Kikafuata kikohozi, halafu ukelele.

"Lakhaula!" Mama akaruka. "Nassor kafanywa nini?"

"Si Nassor huyo," akasema Asya. "Huyo ni huyu hapa," akaonyesha picha. "Geuza upande wa pili."

Upande wa pili akawemo. Masikini, hakuwa na kaseti tupu huko baharini, kachukua ya nyimbo, kaziba vile vitundu vya juu kwa selotepu ili ikubali kurekodiwa, kama tulivyokuwa tukifanya sote, akarekodi juu yake.

"Asalaam aleikum, Mama."

Kimya.

"Waaleikumsalaam, mwanangu," Mama akasema, na sauti yake ikavunjika hapo hapo.

"Hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Na mguu vipi?"

"Mguu leo afadhali. Jana ulinisumbua."

"Aa, alhamdulillahi. Mie sijambo, baridi tu. Huku baridi inauma meno. Na samaki wao, Mama, wanakula bila ya kutia hata ndimu. Wanamchemsha na maji, wanamtazama, basi wanamla!"

Mama akacheka, mtandio kautia mdomoni.

"Umecheka, sivyo?" akasema Nassor.

Mimi mtoto, nyie, ningefikiri nini? Kamuuliza mguu, kajibiwa, kasema alhamdulillahi. Mama kacheka, na yeye kasikia kicheko. Nlitazama lile redio, nkaona vile vitundu vya sauti, nkajua kwamba yumo. Si sauti yake. Yeye. Yuko mahali penye baridi, upande wa pili wa vile vitundu, na anatusikia.

Akaendelea. Akamsalimia Ami Seif, shikamoo, na Ami Seif akaitika marahaba kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kisha: "Asya, hujambo?"

"Sijambo, kaka!"

"Usiringe na hiyo skuli. Na barabarani usimwachie mkono mwenzio, magari ya huko hayana macho."

Asya akatutazama sote, kavimba kwa fahari. Na zamu ikawa yangu, kwa sababu baada ya Asya hakuna mwengine. Nlikwisha kushika pindo la gauni langu.

Tak. Halafu nkamsikia anavuta pumzi, ile ya mtu anayetaka kuanza kusema.

Na Mtaliani akaingia, sauti juu, na gita na ngoma na nyundo za gereji zote pamoja.

Tulingoja. Mama akapeleka mbele, akarudisha, akapeleka mpaka mwisho. Mtaliani mtupu.

"Kaseti imemwishia," akasema Ami Seif.

"Haijaisha, mbona huyu anaimba?" nkasema mimi.

Lakini mimi nshapata jibu langu. Huyu mwanamme ndiye mwenye nyumba anayokaa Nassor. Kachoshwa na salamu zetu, kamnyang'anya. Na picha si ile pale, kila mtu anaiona? Kakalia sanduku lake.

Mama akawa akipiga kaseti ile kila asubuhi, baada ya chai. Alikuwa akiamkiana naye. Akiulizwa mguu, hakusema kila siku jibu moja, alisema ukweli wa siku ile. "Leo mbaya, mwanangu, sikulala." Na yeye: "Aa, alhamdulillahi." Mara nyengine jibu halikukaa vizuri, lakini Mama alilipokea hivyo hivyo. Mtu aliye mbali husikia nusu.

Mimi zamu yangu haikufika. Siku moja sikustahamili. Asya alipomaliza kuitikia, nami nkajitia kati, nkasema kwa nguvu: "Sijambo, kaka!"

Asya aliangua kicheko mpaka akalala juu ya mkeka. "Nani kakusalimia weye? Unaitikia salamu za watu!"

"Asya, wacha," Mama akasema. Lakini na yeye akanigeukia. "Usiitikie ambalo hujaambiwa, mwanangu. Subiri. Zamu yako itafika."

Basi nkasubiri. Na Asya naye, tangu siku ile, akawa hanipi raha njiani. Tukitoka tu mlangoni, kanishika mkono. Si kushika kwa mapenzi, kushika kwa amri, kama mbuzi anayepelekwa sokoni. "Nimeambiwa mie," akisema. "Weye hukuambiwa kitu." Nkimfinya, ananifinya. Lakini hauachii.

Halafu Mbaluchi wa bandarini akarudi, na safari hii hakushika kitu. Alisimama mlangoni, maji hakuyataka. Akasema meli imekuja, Nassor hayumo. Alishuka bandari moja ya huko kwao Wataliani kwenda kutembea, na hakurudi. Meli ilingoja, ikaondoka. Wenzake hawajui zaidi ya hapo.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Ahsante, baba." Akarudi ndani akapiga kaseti.

"Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

Hapo ndo nyumba yetu ilipobadilika. Sijui niielezeje. Kitu hakikuondoka mahali pake, mkeka pale, birika pale, lakini ilikuwa kama nyumba ambayo kuna mtu chumba cha pili na huruhusiwi kuingia. Ami Seif aliuliza kwa kila aliyejuana naye bandarini, hakupata hata fununu. Miezi ikapita, mwaka ukapita na zaidi. Ijumaa moja akaja, kavaa vizuri, akakaa chini ya dirisha na akataka kahawa kwanza. Nkajua ana jambo.

"Shemegi," akasema, "mtoto tumemtafuta. Tumeuliza. Wenzangu msikitini wanasema, na mie naona, tumsomee khitma. Ikiwa yu hai, dua haimdhuru. Ikiwa amekwenda, basi anatungoja sisi."

Mama alikuwa anashona. Hakuinua uso. "Seif, mtu anayeniuliza hali yangu kila siku, nimsomee khitma?"

"Shemegi, ile ni kaseti."

"Najua ni kaseti. Mie si mwendawazimu. Lakini mguu wangu nani mwengine anauliza? Wewe unakuja kila Ijumaa, umeuliza mara ngapi?"

Ami Seif akainywa kahawa yake. Na mimi, nlokaa mlangoni, niliona kwamba Mama kashinda, na badala ya kufurahi nkaogopa.

Kwa sababu mimi nlikuwa na shughuli yangu. Mama akienda kuteka maji au kuzungumza kwa jirani, nlikuwa nakaa mbele ya redio nikimpiga Mtaliani. Kwanza upande wake ule wote, halafu na upande wa Nassor, kuanzia ile tak kwenda mbele. Nlidhani ukimsikiliza mtu mpaka akachoka, atapisha. Nkamwamkia, maana pengine kaudhika kwa kuwa sisi tunasalimiana na kumruka yeye. "Shikamoo," nkasema, akapiga gita. Na nyimbo zake nazo zina vimya vyake, anaimba, ananyamaza, gita linapita, anaimba. Katika vile vimya nkawa nasema yangu.

"Kaka yangu yuko?"

Akasema kitu kirefu, kwa hasira.

"Mpishe basi aseme. Kabakia mtu mmoja tu."

Akapiga mluzi. Ule mluzi, nyie! Kwenye wimbo wa mwisho anapiga mluzi peke yake, pole pole, anafifia kama mtu anayekwenda zake kwenye ukumbi mrefu. Nlikuwa nauhisi mgongoni. Picha yake nkaigeuza ukutani nikibadilisha nguo, na nikiigeuza tena, nlikuwa nina yakini kwamba mguu kausogeza. Ndotoni nlimwona kakaa mlangoni kwetu, juu ya sanduku, na ndani ya sanduku kuna mtu anavuta pumzi. Ile pumzi. Ya kuanza jina langu.

Kaseti haikuumbwa kwa kazi ile. Ikaanza kuchoka. Sauti ya Nassor ikawa nyembamba, ikawa kama inatoka chini ya maji, halafu siku moja redio ikala utepe. Mama akautoa nje kwa ncha ya sindano, umekunjikana kama utumbo wa samaki. Fundi wa redio alikuwepo Ruwi, hakutaka kumpelekea. "Mtoto wangu simpi mtu akamguse." Mwenyewe, kwa mkasi wake wa kushonea, akakata palipoharibika, akaunga kwa selotepu, akakaza. Fundi hasa! Ikalia. Baadaye ikaliwa tena, akakata tena, akaunga tena.

Lakini kilichokatwa kimekatwa. Na palipoharibika zaidi ni pale alipokuwa akisimamisha na kurudisha kila siku, yaani kwenye vile vimya.

"Asalaam aleikum, Mama. Hujambo?"

"Waaleikum... sijambo, mwana..."

"Na mguu vipi?"

"Ngoja basi, baba. Sijajibu."

"Aa, alhamdulillahi."

Mama akawa akijibu mbio mbio, kama mtu anayekimbilia gari. Akapunguza maneno ya mguu. Akajibu "sijambo" kabla ya kuulizwa. Haikusaidia. Kila akiunga, Nassor aliongeza haraka. "Mwanangu siku hizi ana pirika," akatwambia, na akatabasamu, na mie na Asya tukatazamana.

Kisha likaliwa lile fungu la samaki.

Asubuhi ile nyundo za gereji zilikuwa hazijaanza, kumetulia. Mama kakaa, chai pembeni. Salamu zikapita mbio. Baridi inauma meno. Na pale pale, bila ya samaki, bila ya ndimu, bila ya lolote la kuchekesha, sauti ikasema:

"Umecheka, sivyo?"

Mama hakucheka. Shikamoo ya Ami Seif ikapita, Asya akaulizwa hali na hakuitikia, ikaja tak, ikaja pumzi, akaja Mtaliani, na Mama hakunyoosha mkono kumzima, akamwacha aimbe. Mpaka ule mluzi ukafifia wote.

"Hanisikii tena," akasema. Halafu akasema: "Ana haraka. Anataka kwenda, mimi ndo nimemshika." Akamwambia Asya avae buibui, aende kwa Ami Seif, amwambie kwamba khitma isomwe Ijumaa.

Ikasomwa. Watu walijaa mpaka gerejini, mafundi wa Kihindi wakanyamazisha nyundo zao, nakumbuka ule unyamavu kuliko dua. Mama alilia siku tatu kama walivyolia wenziwe, akala, akalala. Mguu akampa Asya awe akimkanda. Kaseti akaifunga kwenye pembe ya leso, akaitia chini kabisa ya kasha la nguo, na hakuipiga tena mpaka alipofariki. Asya akalirithi kasha. Wadi, lile bonde kavu la mtaani, lilipokuja na maji ya kuingia majumbani, kasha likaenda. Basi. Hiyo ndo kaseti.

Wote waliridhika, ila mimi. Mie zamu yangu haikufika. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, na bado kwenye chumba chochote chenye redio nlikuwa kama nasubiri kitu. Asya nlimuuliza tukiwa watu wazima: "Ile pumzi mwisho, unaikumbuka?" Akasema: "Pumzi gani? Weye na mambo yako." Tulikuwa Ruwi, tunavuka kwenda benki, wanawake wawili wenye wajukuu, na kanishika mkono, maana mpaka siku hiyo hakuacha. Nkamwambia, niache, watu wanatucheka. Akasema: "Wacheke. Nimeambiwa mie."

Asya tumemzika mfungo sita, mwezi wa maulidi. Nimesahau kuwambieni. Au sikusahau.

Sasa turudi jikoni. Rahma kaona nimekaa vile, kafunga mlango wa friji pole pole kama mtu anayemwogopea mgonjwa. Nkamwambia, ziache zilie zote, mpaka upande wa pili. Akacheka: "Bibi, siku hizi hakuna upande wa pili." Lakini upo. Upande wa kwanza ulipomalizika, ukaanza wimbo ambao sijapata kuusikia maishani. Wa pole. Gita moja, sauti chini, kama mtu anayejisemea. Nkatafuta niujue, siujui. Halafu ndo nkafahamu: huu ndo wimbo uliokuwa chini ya Nassor. Kuufuta aliufuta yeye, akalala juu yake. Na sasa umo wote, hauna tundu, haukosi kitu. Hakuna aliyewahi kurekodi juu yake. Hapakuwa na Nassor kabisa.

Mdomo ukaanza wenyewe. Kila neno lilikuwepo, na kila kimya.

"Asalaam aleikum, Mama," nkasema. Nkangoja. "Hujambo?" Nkangoja. "Na mguu vipi?"

Rahma kaja, kakaa. Nkasema baridi, nkasema samaki, nkavirudisha vyote alivyovikata Mama kwa mkasi. Umecheka, sivyo? Wimbo wa pole ukaisha, ukaanza wa makelele, na mie nimo na Ami Seif. Asya, hujambo? Usiringe na hiyo skuli. Na barabarani usimwachie mkono mwenzio, magari ya huko hayana macho.

Nkafika. Na ndani ya simu gita likakatika, ngoma zikakatika, mtu akavuta pumzi. Ile ile, kwa urefu wake ule ule. Halafu Mtaliani akaruka na ukelele wake.

Ilikuwa yake. Pumzi ilikuwa ya Mtaliani, yake ya kuanzia ukelele. Nassor alikwisha kumaliza kusema.

"Rudisha," nkamwambia Rahma. Akarudisha. Pumzi. "Rudisha." Pumzi.

"Anasema nini hapo?"

Rahma akasikiliza, kichwa upande. "Anasema... gari lake halikuwaka, kaenda kwa miguu mpaka kwa mwanamke mmoja, na mbwa wa huyo mwanamke kamfukuza. Wimbo wa mzaha, Bibi. Kwani wewe yale yalikuwa maneno gani? Ya nani?"

"Ya kaka yangu. Salamu zake. Kasalimia watu wote, kanisahau mimi."

Akanitazama. Mtoto huyu ana macho ya Asya.

"Sasa huyo mwenzio nani, Bibi?"

"Mwenzio gani?"

"Huyo Asya aliyeambiwa asimwachie mkono."

Nkautazama mkono wangu wa kulia, umejaa unga wa hiliki, na pale juu ya kifundo, ambapo kwa miaka karibu hamsini mtu alinishika kwa amri nikamfinya aniache. Simuni Mtaliani anafukuzwa na mbwa, gita linapita, kikaja kimya chake kidogo, kile nilichokuwa nikikijaza maneno nilipokuwa mtoto.

"Sijambo, kaka," nkasema. "Nilivuka salama."